Jicho Kwenye Simu

Majirani walishamchoma yule nyoka, kama desturi yao. Ilibaki picha moja kwenye simu, iliyopigwa karibu mno: jicho na magamba machache tu.

"Nyoka gani kamuuma mumeo, Mwanaidi? Nijue dawa ya kumpa," muuguzi alisema.

Mwanaidi aliikuza picha. Mboni ilisimama wima kama ya paka. Kifutu, nyoka wa sumu kali. Lakini kijijini kwao, aliyeumwa hatajiwi nyoka mkali kabla hajapona, asije akakata tamaa.

Shekue aliinua kichwa kitandani. "Sema basi, mke wangu! Au unawaza kurithi mbuzi?"

"Ni wa majani tu, baba Zuhura," alijibu akicheka, huku ukucha wake ukiipapasa ile mboni, juu chini, juu chini, mbele ya macho ya muuguzi.

Muuguzi aliutazama ukucha, kisha uso uliokuwa ukicheka, akaenda kuchukua dawa ya kifutu.