Kufuli la Lupango

Théo, mtangazaji wa redio, alikata wimbo katikati. Akausoma hewani ujumbe ulioingia kwenye simu ya redio.

"Papa Théo, minyi mwanamuke niko mufungwa. Kila asubuhi bote banaenda ku kazi, banafunga mulango ya lupango na kufuli. Nabakia peke yangu mpaka mangaribi. Hii furaha yako, minyi nitaipata wapi?"

Kamina nzima ilikuwa inasikiliza. Théo alikuwa ameenda semina ya furaha Lubumbashi, na tangu arudi, jamani, hakuna aliyepumua! Shukuru, penda watu, uwe na kazi inayokupa sababu ya kuamka: alihubiri hewani, akahubiri hata mezani. Mke wake Chancelvie alishukuriwa kwa kila kikombe cha chai. Mama yake alitolewa shambani Kabondo-Dianda, akanunuliwa kochi. Kusema kweli, Théo alijiona mwana mwema kuliko wote mjini.

Akasogeza maikrofoni. "Mama, banakupiga?"

Jibu likaingia. "Hapana. Nakula muzuri. Lakini nikigusa kitu, bananinyanganya. Nikisema nataka kutoka, banacheka. Niko sawa sahani ya bageni mu kabati."

"Nani anakufunga?"

"Mwenye nyumba. Bantu bote banamujua, banamusifu. Aliniambia sitatoka kwake mpaka Mungu aniite."

Théo alipiga meza. Hasira ilimpanda, na huruma nayo ikamjaa, karibu alie mbele ya watu.

"Mushenzi huyo! Mama, sikia: chakula peke yake haiko maisha. Fanya kazi yenye roho yako inapenda. Usiombe ruhusa, toka leo! Na weye jirani, kama unasikia, kamata nyundo, vunja kufuli ile. Minyi Théo njo nasema!"

Simu ikalia tena. "Aksanti. Nimesikia."

Kipindi kilipoisha alipanda baiskeli yake. Njia nzima watu walimpungia mkono, wamama wakampigia vigelegele. Alikuwa na furaha hadi akasahau njaa. Leo alikuwa amemwokoa mtu.

Alipofika kwake, kufuli la lupango lilikuwa chini, limevunjika.

"Wezi!" Akakimbilia ndani. Televisheni ilikuwepo. Redio ilikuwa inaimba juu ya kochi, na kochi halikuwa na mtu. Akapiga magoti, akaangalia chini ya kitanda chake, pale alipokuwa amelificha jembe la mama yake. Hapakuwa na jembe.

Jirani yake Glodie alikuwa amesimama mlangoni, nyundo bado mkononi.

"Ulisema nivunje, nikavunja," alisema. "Alinirudishia simu yangu yenye nilimupitishia juu ya ukuta, akapanda lori ya Kabondo-Dianda. Anakusalimia sana. Anasema mutoto wake alimupa ruhusa ku radio."