Njia ya Kwa Shangazi Mwantumu

Siku hizi nyumba isiyo na mtandao hufutwa kwenye ramani, na aliyefutwa hafikiwi, maana hakuna tena anayebeba njia kichwani. Shangazi yetu Mwantumu, huko bondeni nje ya Tanga, alifutwa zamani. Alibaki kwenye ramani ya kifaa kimoja tu, hiki cha kuonyesha njia kwenye baiskeli yangu, ambacho nilikizimia mtandao kabla hajafutwa. Basi kila Idi mimi ndiye ninayetangulia, ukoo mzima nyuma yangu, kengele na umbea njia nzima. Nimechoka, miguu si ya ujana, lakini nani mwingine?

Idi hii walijaa kwangu tangu asubuhi, vitumbua vimefungwa, matairi yamejazwa upepo. Binamu yangu Mwajabu, aliyerudi juzi kutoka Mwanza, akaja anacheka.

"Kaka Shekue, nishukuru! Kile kifaa chako cha kizamani nimekiwashia mtandao. Kimepata ramani mpya, kinang'aa!"

Hakuna aliyecheka naye.

"Mwajabu," nikamwambia, "hebu tafuta kwa Shangazi."

Akabonyeza. Likatokea pori la kijani, tupu.

"Si utupeleke tu?" akasema, sauti ikimfifia. "Wewe umekwenda miaka yote."

Nikapanda baiskeli. Wakajipanga nyuma yangu, wakingoja. Muda huo Shangazi anapakua pilau huku akichungulia mlangoni. Nikajaribu kukumbuka mti, duka, kona yoyote. Nilichokumbuka ni kimshale cha bluu, basi.