Nakala ya Pili

Kila kaya ilipewa ripoti moja ya wachimbaji wa mambo ya kale iitunze kwenye kihifadhi cha kidijitali cha ukutani, na nakala za kila ripoti zilikuwa mbili tu. Mwanaisha aliifuta yake, apate nafasi ya sauti ya marehemu mama yake akiimba. Alijipa moyo kwamba ya pili iko kwa jirani, Bi Sikudhani.

Leo Bi Sikudhani alibisha hodi, macho chini.

"Mwanangu, nisitiri. Ile ripoti ya makaburi niliifuta, niweke harusi ya mjukuu. Kesho wakaguzi wanakuja, na makaburi yenyewe yalishamezwa na bwawa. Niazime yako ninakili."



"Karibu ndani, bibi," Mwanaisha alisema, akanyoosha mkono ukutani kumzima mama yake aliyekuwa akiimba.