Tovuti ya Kwaya Yavikwa Nguo

"Guka, chai yangu ikiisha kabla rangi hazijatokea, tovuti ya kwaya naitengeneza mimi," alisema mjukuu wangu Stacy, kikombe mdomoni.

Wiki nzima ukurasa ulikuwa uchi: maandishi meusi, basi. Na programu ya CSS, ile ya kuipa tovuti rangi na mapambo, nilikuwa nimeiweka mwenyewe!

Ndipo nikaliona kosa. Programu ile ni kama fundi cherehani: hushonea tu watu aliowaona, nami sikuwa nimemwonyesha kurasa zangu ziliko.

Nikaiandikia jina la folda yenye kurasa, mstari mmoja. Nikabonyeza kwa kidole kilekile kilichojenga nusu ya maghorofa ya Upper Hill.

Kijani kikamwagika kwenye skrini hata mbuzi wa mtaa wa Muthangari wakaja mbio hadi kwangu Loresho kula.

Kikombe cha Stacy kiliganda hewani, chai ingali nusu.

"Malizia, mami," nikamwambia. "Inapoa."