Jicho la Kushoto la Bi Mize

Ghalib alikwisha kuanguka mara mbili katika mtihani wa maradhi ya macho, na chuo hakikuruhusu zaidi ya mara tatu. Safari hii mbele yake aliketi Bi Mize, mgonjwa wa mtihani ambaye kila mwanafunzi aliomba dua apangiwe, kwani kwa miaka sita alikuwa akiwanong'oneza majibu.

"Usitetemeke, mwanangu," alimnong'oneza Ghalib alipomwinamia na kurunzi ya kupimia. "La kulia presha ya jicho, mshipa wa kuonea umekufa. La kushoto zima. Sema hivyo tu. Wenzako wote wamefaulu."

Ghalib akalitazama la kulia, na Bi Mize alikuwa amesema kweli. Akalitazama la kushoto. Mshipa wake nao ulikuwa umeanza kupauka, kuelekea kufa kama wa kulia. Akafuta kioo cha kurunzi kwa ncha ya koti, akatazama tena, na weupe ule haukuondoka. Ndipo alipofahamu kwamba jicho hili wenzake wote walilisikiliza, hakuna aliyelitazama.

Ya Rabi, aliomba kimoyomoyo, nijaalie niwe nimekosea, kama nilivyokosea mara zote.

Mtahini, karatasi ya majibu yale yale ya kila mwaka mkononi, akagonga meza. "Haya, kijana. La kushoto?"

Bi Mize akamfinya kidole kumkumbusha. Ghalib akampa mtahini kisogo, akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, mama," alisema. "La kushoto si zima."

Bi Mize alikuwa angali akitabasamu, na jicho lake la kushoto likimtazama Ghalib bila kupepesa.