Pembe Iliyokunjwa

"Dada, jikaze," askari aliniambia. "Juma iliyopita baliitengeneza kule Beni, lakini mimi nikaiangusha mu mayi. Komanda akijua, atanichapa."

Aliweka telekomande ya televisheni juu ya meza ya ufundi ya baba. Mimi hupenda kazi hii kwa sababu haitaki maneno mengi. Niliifungua kwa kisu, nikafuta maji, nikageuza mpira wa ndani.

Chini ya kifungo cha sauti, fundi wa Beni alikuwa amebandika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Pembe yake moja ilikunjwa, ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga, ili mwenye kufungua siku nyingine apate pa kushika.

Hapa Butembo mafundi wote walikuwa wakimcheka baba kwa pembe ile. "Muzee, unakunjia nani?"

Askari walimchukua mwaka jana, pamoja na vyombo vyake. Tangu Pasaka watu wanatuambia kwamba alikufa. Kesho ni misa yake, na mama yuko nyumbani anachagua maharagi ya wageni.

"Itapona?" askari aliuliza.

Ilikuwa imekwisha kukauka. Ilibaki kuifunga tu.

"Mimi siwezi," nilisema, na sauti ilinitoka kubwa. "Inaomba fundi ule wa kwanza. Unipeleke kwake."

"Beni? Dada Kavuo, njia ni mubaya sana. Mwanamuke hapana kupita kule."

"Basi, komanda atakuchapa," nilisema, huku nikitafuta viatu vyangu.