Ziwa Lililofutwa

Mchoraji ramani alibandika ramani mbili za bonde la kwao kwenye kioo cha dirisha, mpya juu ya ile ya zamani, ili mwanga upenye. Nje mvua ilikuwa ikimwagika tangu juzi, kama iliyotumwa.

Kwenye ramani ya zamani, pale milima inapoubana mto, palichorwa ziwa. Mpimaji wa enzi hizo aliandika pembeni: mlima uliporomoka ukaziba mto, baadaye ziwa likapasuka, maji yakafagia kila kitu chini. Kwenye mpya hakuna ziwa. Chini ya mahali hapo kuna uwanda tambarare kama meza, na nyumba ya kwanza ni ya kaka yake.

Kidole chake kiliganda hapo. Akapiga simu.

“Dada wa makaratasi,” kaka akacheka, “leo umekosa uhondo. Mto umekauka.”

“Umekaukaje na mvua yote hii?”

“Sijui, lakini hakuna hata tone. Kijiji kizima tumo mtoni, tunaokota samaki kwa mikono. Mama naye kaja na ndoo, anacheka kama msichana.”

“Kaka, tokeni hapo. Kimbilieni mlimani, sasa hivi.”

“Sema kwa nguvu, dada. Kuna kitu kinanguruma huku.”